Mtoto Akililia Mlima

Mamangu ana methali moja ambayo huitoa pale tu maneno mengine yakishamwishia: mtoto akililia wembe, mpe. Nimekua nikiisikia. Niliisikia nilipotaka kuazima baiskeli ya jirani isiyo na breki. Niliisikia nilipoanza kurudi nyumbani saa nne usiku. Niliisikia tena miaka saba iliyopita, nilipomwambia kwamba chuo nimeacha na sirudi. Maana yake ilikuwa ile ile kila mara: nenda, ukatwe, ukirudi tutaongea.

Agosti mwaka jana aliitoa tena, lakini safari hii aliigeuza. Alikuwa ameketi kwenye kochi letu, mjukuu wake amelala mapajani, mkono wa kushoto umefungwa plasta kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Aliniangalia kitambo. "Mtoto akililia wembe, mpe," akasema. "Lakini huyu hakulilia. Ni wewe ulimwekea mkononi, halafu ukampiga picha."

Sikuwa na jibu. Nilienda jikoni nikajifanya natafuta majani chai. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilizungusha swali moja kichwani, nikiwa nafua, nikiwa kwa matatu, nikiwa naandika kazi za watu: mzazi ana haki gani ya kumchagulia mtoto hatari? Kumkinga, najua ana haki. Hilo halina ubishi. Lakini kumpeleka kwa makusudi mahali anapoweza kuumia, kwa sababu unaamini kuna kitu atajifunza huko, hiyo haki inatoka wapi? Na mambo yakienda vibaya, nani analipa?

Nianze na mahali tunapoishi, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Tuko Kahawa West, ghorofa ya nne. Ploti yetu haina uwanja. Watoto wakicheza kwenye korido, wapangaji wanalalamika kelele. Wakipanda juu kwenye paa, pale tunapoanika nguo, keateka anawafukuza kwa sababu ukuta wa pembeni ni mfupi, na hapo siwezi kumlaumu. Wakishuka chini, kuna barabara na nduthi zisizojua kwamba watoto wapo duniani. Kwa hivyo wanabaki ndani na runinga. Binti yangu, ambaye nyumbani tunamwita Kadogo, alipofika miaka minne alikuwa anaweza kutaja majina ya dinosaria kumi na moja. Lakini hakuwa amewahi kushika konokono.

Hilo lilinisumbua kuliko ilivyostahili, na sababu yake inanihusu mimi, si yeye. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Mamake Kadogo alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na watu wengi hudhani niliacha kwa ajili ya mtoto. Ni hadithi tamu, ya kijana aliyejitoa mhanga, na kuna siku nimewaacha watu waendelee kuiamini. Ukweli ni kwamba kufikia wakati huo nilikuwa nimemaliza muhula mzima bila kuingia darasani. Nilikuwa nimeshachoka kabla mtoto hajapatikana.

Tangu hapo naishi kwa kuandika. Makala za tovuti, maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi. Kuna kipindi niliandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo, kazi ambayo vijana wengi wa Nairobi wanaijua ingawa hatuitaji mbele ya wazazi. Nimepata alama za juu katika vyuo ambavyo malango yake sijawahi kuyaona, mimi niliyeshindwa kumaliza kile changu. Ukifanya kazi kama hiyo kwa miaka miwili, unaanza kuamini kwamba shule ni mchezo wa karatasi na kwamba masomo yenyewe yako mahali pengine. Niliamini. Nikaamua kwamba binti yangu atayapata hayo masomo ya mahali pengine.

Tulianza na Karura. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, na ungekuwa umeshageuka mitaa ya kifahari kama watu hawangeupigania. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa pale hadi akatokwa na damu, yeye na wenzake, kwa kosa la kwenda kupanda mti. Nilimsimulia Kadogo kwa ufupi: kuna mama alipigwa hapa akipanda mti. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na mti uko wapi?" Nilifurahia swali hilo wiki nzima. Niliona kama ushahidi. Unaona? Msitu unamfundisha kuuliza.

Akiwa na miaka mitano tukaenda milima ya Ngong, tukasimama chini ya ile mitambo ya upepo, akaziba masikio. Kila safari niliweka picha mtandaoni, na chini yake maneno kama "darasa lisilo na kuta." Watu walipenda. Mzazi mmoja aliandika kwamba angetamani kuwa na ujasiri kama wangu. Niliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Mamangu hakuelewa. Alikulia Murang'a, mteremkoni, mahali ambapo maji yako chini mtoni na nyumba iko juu. Kwake nje si mahali pa kuburudika. Nje ni kuni mgongoni, matope, umande wa alfajiri miguuni, nyoka kwenye majani chai. Alitembea miguu mitupu kwenda shule na bado akaishia darasa la saba kwa sababu ya karo. Siku nilipomwambia kwamba Karura tunalipa langoni, alidhani amenisikia vibaya.

"Mnalipa mpewe nini?"

"Tutembee tu."

"Mimi nilitembea bure miaka yote hiyo ndio wewe usitembee," akasema. "Sasa unatoa pesa ndio mtoto wako atembee?"

Tulicheka, lakini alikuwa amesema jambo ambalo sikulichukulia kwa uzito unaofaa. Hii safari ya kwenda kutafuta vumbi kwa hiari ni anasa ya mtu ambaye vumbi halikumlazimu. Mamangu aliutumia ujana wake kutoka mahali ninapolipa kuingia.

Halafu ikaja Longonot. Ilikuwa likizo ya Agosti. Mamake alikuwa kazini, kama Jumamosi nyingi. Tuliondoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, tukafika tauni, tukapanda matatu inayopita Mai Mahiu, na bonde lilipofunguka upande wa kushoto Kadogo alikuwa amelala, kinywa wazi. Tukashuka kituo cha Longonot, tukachukua nduthi hadi langoni, mimi, yeye na dereva. Hana kofia ya kujikinga, mimi sina. Kumbuka hiyo nduthi, nitairudia.

Njia inaanza kwa upole, tambarare, kwenye nyasi. Mbele kidogo tuliona pundamilia watatu. Kadogo akasimama, akawatazama hadi wakatoka machoni. Kisha akakaa chini na kutoa chapati yake. Kwake safari ilikuwa imeisha: ametoka Nairobi, ameona pundamilia, ana chapati. Nilimwinua. Nikamwambia bado, hatujafika, twende tukaone kreta.

Udongo wa Longonot ni majivu ya volkano. Ukikanyaga unateleza, ukianguka unabadilika rangi. Mvua imechimba mitaro ambayo mahali pengine inamzidi mtu mzima kimo, na unapanda ukiwa katikati yake huku vumbi likikujaa puani. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita tatu hivi. Sisi tulitumia saa tatu. Kundi la wanafunzi wa sekondari lilitupita, na msichana mmoja akasema, "Wee, katoto kadogo hivi! Kana nguvu aje?" Nilijaa fahari kana kwamba miguu iliyosifiwa ni yangu.

Tulifika juu. Kreta, lile shimo kubwa la volkano, lilikuwa chini yetu, limejaa msitu wa kijani. Kadogo alishika ukanda wa begi langu akachungulia.

"Nani anaishi huko?"

"Miti."

"Peke yake?"

Tukakaa, tukamaliza chapati. Upepo ulikuwa mwanana. Tungegeuka hapo tukarudi, nisingekuwa naandika haya.

Lakini nilitaka picha. Kilele cha Longonot kina mita 2,776, na kuzunguka kreta nzima ni mwendo wa zaidi ya kilomita saba. Sikuwa na wazo la kuzunguka yote, sikuwa mwendawazimu. Nilitaka tusogee kidogo tu, mahali ambapo kreta ingeonekana nyuma yake bila watu wengine. Njia ikawa nyembamba. Kadogo akasimama.

"Baba, mi naogopa."

"Usiogope. Si niko hapa?"

"Naogopa."

"Kwani wewe ni simba ama wewe ni nani?"

Akapiga hatua kama simba. Mimi nikainua simu. Mguu wake ukakanyaga udongo uliolegea upande wa nje na akateleza. Hakwenda mbali, labda mita nne, kisha kichaka cha leleshwa kikamzuia. Hakulia. Nilishuka kwa makalio hadi alipo, na hiyo kimya yake ndiyo ninayoisikia bado ninapoamka usiku. Wale wanafunzi walirudi mbio. Yule msichana alivua sweta yake, akaifunga ikawa kitanzi cha kushikilia mkono, kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao. Mwalimu wao alibeba begi. Mimi nikambeba mtoto mgongoni.

Tulipokuwa tumeshuka nusu, akaegemeza kidevu begani kwangu akasema, "Pole, Baba. Nimeharibu picha."

Eksirei ilionyesha ufa kwenye mfupa, karibu na kifundo cha mkono. Daktari alisema mifupa ya watoto huungana upesi, wiki tano zitatosha. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeona makubwa zaidi siku hiyo hiyo. Mamake Kadogo hakupiga kelele. Alisubiri mtoto alale, akaja akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Alikuambia anaogopa?"

"Ndio."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Akazima taa.

Wiki zilizofuata nilijitetea sana, kichwani mwangu, ambako hakimu ni mimi na wakili ni mimi. Nilianza na ile nduthi. Ukiniuliza ni wapi binti yangu alikuwa karibu zaidi na kifo siku ile, sidhani ni kwenye ukingo wa kreta. Naona ni kwenye nduthi, bila kofia, au kwenye matatu iliyokuwa ikishuka mteremko wa Mai Mahiu huku dereva akizungumza na simu. Hakuna aliyeniuliza kuhusu hizo. Mamangu hakuniuliza, daktari hakuniuliza. Hatari tuliyoizoea haitugutushi. Tunamfungia mtoto ndani kwa kuogopa barabara, kisha asubuhi tunamvusha barabara hiyo hiyo kwenda shule, na tunaita hayo maisha ya kawaida.

Kisha nikaleta methali yangu mwenyewe kujibu ya mamangu: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tumezoea kuitumia kama kitisho. Mama ni mwalimu mpole, ulimwengu ni mwalimu mkatili, ukimkosa wa kwanza utakutana na wa pili. Lakini kwa nini wawe maadui? Kwa nini mzazi asiwe yule anayemshika mtoto mkono na kumtambulisha kwa ulimwengu mapema, kabla hawajakutana peke yao? Mtoto ambaye hajawahi kuteleza haijui miguu yake. Siku atakapoteleza, na atateleza, hatakuwa na kumbukumbu ya kushika chochote.

Bado naiamini hoja hiyo. Hata leo ukija na ubishi wa kwamba watoto wakae ndani, nitabishana nawe hadi chai ipoe. Lakini siku moja, nikiwa namuosha Kadogo huku mkono wake umefunikwa mfuko wa plastiki plasta isilowe, niligundua kwamba hoja yangu inautetea mlima. Mimi hainitetei. Inaeleza kwa nini tulipanda. Haielezi kwa nini mtoto alisema "naogopa" mara mbili nami nikamjibu kwa habari za simba.

Nikarudi kwa wembe. Ile methali ni kali, lakini ina haki yake ndani. Mtoto ndiye anayelilia, na mtoto ndiye anayekatwa. Anayetaka na anayelipa ni mtu mmoja. Hata mimi na chuo, niliyetaka ni mimi na ninayelipa ni mimi, kila ninapotuma maombi ya kazi na kufika kwenye kisanduku cha shahada. Kule Longonot mambo hayo mawili yalitengana. Aliyelilia mlima nilikuwa mimi. Aliyekatwa alikuwa yeye.

Utaniambia kwamba wazazi huwachagulia watoto kila siku mambo wasiyoyataka. Hakuna mtoto anayelilia sindano ya chanjo, na tunampeleka akipiga mayowe. Hakuna anayelilia kuamshwa saa kumi na moja kupanda basi la shule. Kama ruhusa ya mtoto ndiyo kipimo, basi hakuna malezi. Ni kweli. Lakini tofauti naiona hapa: maumivu ya sindano ni ya mtoto na kinga pia ni ya mtoto. Sasa ile picha ilikuwa ya nani? Nilijiuliza swali moja ambalo sasa najaribu kulitumia katika mambo yote ya Kadogo: kama hakuna mtu yeyote ambaye angejua, kama simu ingekuwa imezima na hakuna wa kusimuliwa, je, ningemvusha pale? Jibu halikuchukua hata sekunde. Hapana. Tungekula chapati kwa pundamilia na kurudi nyumbani.

Katika zile insha nilizoandikia watu, moja ilihusu Jean-Jacques Rousseau. Mwaka 1762 alichapisha kitabu kuhusu kijana wa kubuni, Émile, anayelelewa mashambani, mbali na vitabu, akifundishwa na asili yenyewe: anakimbia, anaanguka, anajifunza kutokana na kuanguka. Ni kitabu kilichobadilisha namna Ulaya ilivyofikiri kuhusu watoto. Na mtu huyo huyo, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwapeleka watoto wake watano katika nyumba ya watoto waliotupwa huko Paris, mmoja baada ya mwingine. Nilipoisoma hiyo nilicheka, nikaandika aya nzuri kuhusu unafiki, mteja akalipa. Sasa sicheki sana. Ni rahisi kumpenda mtoto wa kwenye wazo lako. Hachoki, haogopi, na chapati yake haiishi. Mimi sikumtelekeza Kadogo, lakini pale kwenye ukingo sikuwa namwona. Nilikuwa namwona Émile wangu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu nimelisema vibaya kwa miaka mingi. Nimewadharau wazazi wanaowasukuma watoto kwenye mitihani ili waning'inize vyeti sebuleni. Nimeandika juu yao, tena kwa kejeli. Kumbe cheti changu kilikuwa picha. Nilitaka mtoto aliyefunzwa na mlima ili ulimwengu uone kwamba mtu anaweza kuacha chuo na bado akawa na kitu cha kufundisha. Na nikisogea nyuma kidogo, namwona mamangu, aliyetaka shahada yangu iwe malipo ya miguu yake mitupu. Alitembea ili nisome. Nikaacha kusoma. Kadogo akapandishwa mlima ili kuacha kwangu kuonekane kuna maana. Vizazi vitatu, na kila kimoja kinamtwika kinachofuata mzigo ambao hakikuomba. Sijui kama kuna mzazi asiyefanya hivyo hata kidogo. Nafikiri jukumu letu ni kuupima mzigo kwanza, kisha kuangalia mabega ya anayeubeba.

Plasta iliondolewa mwishoni mwa Septemba. Mkono ulikuwa mwembamba, umepauka, na yeye aliuchunguza kama kitu kilichorudishwa na mtu aliyekiazima. Nilimuuliza anataka twende wapi. Nilikuwa nimejizuia kuuliza swali hilo kwa sauti inayotaka jibu fulani, jambo ambalo ni gumu kuliko unavyodhani.

"Karura," akasema. "Kwa mto."

Tukaenda kwa mto. Alipata mstari wa sisimizi akaanza kuwajengea daraja kwa vijiti. Alifanya hivyo kwa karibu saa nzima. Miguu yangu ilikufa ganzi. Hakukuwa na cha kuona, hakukuwa na kilele, na ningependa kusema nilikuwa nimetulia rohoni, lakini nilichoka vibaya sana. Mara tatu nilitaka kumwambia twende mbele kuna maporomoko. Nikanyamaza. Labda hicho ndicho kinachoitwa kumpeleka mtoto nje: kukubali kwamba safari yake ni fupi kuliko yako na ndani yake kuna mambo mengi kuliko unavyoyaona.

Novemba mamangu alikubali kuja, akiwa na viatu vya kanisani. Alinung'unika langoni, kama nilivyotarajia. Lakini tulipoingia ndani alianza kutaja miti. Huu ni mugumo, akamwambia Kadogo, huu hata kuni zake hatukuokota. Huu majani yake tulikuwa tunafunga jeraha. Huu ukiuchoma unatoa moshi wa kukuliza. Mimi nimemleta mtoto hapa miaka mitatu na sikujua jina la mti hata mmoja isipokuwa ule uliobandikwa kibao. Yule mwanamke aliyekimbia nje ndiye aliyekuwa anaijua.

Karibu na mto kuna gogo lililoangukia kijito, urefu wake kutoka majini ni kama magoti yangu. Kadogo amekuwa akilitazama tangu ile siku ya sisimizi. Akapanda. "Nishike," akasema, nikamshika. Hatua mbili baadaye, "Niachie." Nikamwachia. Akasimama katikati, mikono imetanuka, ule mwembamba kidogo na ule mwingine.

"Naogopa," akasema.

Nilifungua mdomo. Mamangu akanitangulia.

"Basi toka," akamwambia, kama mtu anayesema chai iko tayari.

Akatoka. Akarudi kwa sisimizi wake. Hakuna aliyeaibika, hakuna aliyeitwa simba. Maneno mawili tu, na mimi kule juu, pamoja na vitabu vyote nilivyosomea watu, sikuyapata.

Hadi leo gogo hilo hajalivuka. Huenda nalo, husimama, hushuka. Na kuhusu mlima hajasema kitu, nami siulizi. Siku atakayoulilia, nitampa, kwa sababu bado naamini milima ni ya kupewa watoto. Ila nitabeba chapati za kutosha, ili akitaka tuishie kwa pundamilia, tuishie hapo.